Rosa, Pecola na bei tunayojiwekea



Swali la juma hili ni fupi: mtu anayejiona si kitu, anaweza kumpenda mwenzake vizuri? Linaonekana jepesi, lakini ndoa nyingi na malezi ya watoto wetu wengi yamesimama juu ya jibu lake. Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba kujishusha ni sifa njema, na kwamba kadiri mtu anavyojidharau ndivyo anavyomkaribia Mungu. Mtu akisimama mbele ya kanisa akasema yeye si kitu, tunaitikia amina. Nauliza leo: hapo tumeitikia unyenyekevu, au tumeitikia ugonjwa?

Neno ugonjwa silitumii kwa mzaha. Mimi ni muuguzi. Katika kliniki nyingi za nchi hii mgonjwa hupewa karatasi yenye maswali tisa ya kupima sonona, ile huzuni nzito inayokaa wiki baada ya wiki na kumnyima mtu usingizi na hamu ya chakula. Swali la sita linauliza kama mtu amekuwa akijiona vibaya, au anajiona ameshindwa maisha, au amewaangusha watu wa nyumbani kwake. Watu wetu wengi hulipita swali hilo haraka. Hawalioni kuwa swali la afya. Wanaona ni habari ya kawaida, kama kuulizwa kama mvua hunyesha.

Siwezi kuwasimulia habari za wagonjwa, maana siri zao si mali yangu. Kwa hiyo nitasema kupitia wasichana wawili ambao hawakuwahi kuzaliwa. Wamo vitabuni tu, na wala hawawezi kuaibika tukiwajadili. Mmoja anatoka ufukoni mwa Ziwa Victoria. Mwingine anatoka ufukoni mwa Ziwa Erie, ziwa lile lile ambalo ndugu zetu wa Buffalo huliona kila siku. Vitabu vyao vilitoka mwaka mmoja baada ya mwingine, 1970 na 1971, na waandishi wao waliishi mbali sana, mmoja na mwenzake.

Nianze na Rosa. Waliosoma Tanzania huenda wanamkumbuka. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971, ikiwa riwaya yake ya kwanza. Kwa muda ilikatazwa mashuleni kwa sababu ilisema waziwazi mambo ya wasichana, wanaume na mimba, mambo ambayo wazee walipenda yabaki nyuma ya pazia. Jina lenyewe ni la kanisani: Wakatoliki humwita Bikira Maria kwa jina hilo katika litania, Waridi lenye fumbo.

Rosa ni binti mkubwa wa Zakaria na Regina. Zakaria ni mlevi. Siku anapogundua kwamba kijana aitwaye Charles amemwandikia binti yake barua, anampiga vibaya sana. Hamwulizi amejisikiaje alipoipata. Hamfundishi jinsi msichana anavyoweza kumjibu kijana kwa heshima na bado akabaki salama. Anampiga tu. Rosa anakwenda shule ya wasichana akiwa na woga wa wanaume badala ya maarifa juu yao. Woga huo unamlinda kwa kitambo. Halafu mwanamume mzima mwenye cheo anampata, na baada ya hapo Rosa anaacha kuogopa kwa sababu anaona hana tena cha kulinda. Anaingia chuo cha ualimu, anakwenda na wanaume ambao hawampendi, anatoa mimba. Mwishoni Charles yule wa barua anarudi, na ndoa inakaribia. Lakini Charles anataka bikira. Anapojua kwamba Rosa si bikira, anamwacha, na Rosa anajiua.

Tukisoma haraka tutasema hiki ni kitabu cha kuwaonya wasichana. Tukikisoma taratibu tutaona kitu kingine. Rosa hapotei kwa sababu anajipenda mno. Katika mahusiano yake karibu yote hakuna mahali anapojiuliza kama mwanamume huyu anamfaa yeye. Anachojiuliza ni kama yeye atakubaliwa. Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa. Anayeuliza la kwanza anaweza kukataa. Anayeuliza la pili tu hana uwezo wa kukataa, kwa sababu kila anayemkubali amemfanyia hisani.

Hii ndiyo kazi ya kwanza ya kujiona duni ndani ya mahusiano: inamwondolea mtu neno hapana. Nimeona wanawake wenye akili nyingi, wanaoendesha gari usiku kwenye theluji ya Buffalo, wanaolipa kodi ya nyumba na kutuma fedha Bukavu, ambao hawawezi kumwambia mume au mchumba neno hilo moja. Si kwamba hawalijui. Wanaamini hawana haki nalo.

Sasa tuangalie neno tunalotumia. Tunasema kujithamini, kutokana na thamani, na thamani ni neno la sokoni. Hata methali zetu zinapozungumzia tabia ya mtu zinakwenda sokoni: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tunawaambia mabinti methali hiyo tukiwa na nia njema ya kuwafundisha adabu. Lakini masikio ya binti yanasikia pia jambo ambalo hatukukusudia, kwamba yeye ni bidhaa, na kazi yake ni kungoja mnunuzi akiwa hajaguswa.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kuhusu tofauti kati ya kitu chenye bei na kitu chenye hadhi. Kitu chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine cha bei ile ile, wala hakuna aliyepoteza. Kitu chenye hadhi hakina mbadala. Mbuzi ana bei. Gari lina bei. Mtu ana hadhi. Kiswahili chetu nacho kina neno lake kwa jambo hili, tena kizuri kuliko hadhi: utu. Utu haushuki mtu akikosea, wala haupandi akipata shahada. Mwizi ana utu, ndiyo maana hatukubali achomwe moto barabarani. Mtoto aliyezaliwa leo asubuhi ana utu, ingawa hajafanya lolote.

Msiba wa Rosa ni kwamba kila mtu anayemzunguka anamtendea kama kitu chenye bei. Zakaria anailinda bei. Charles anaikagua bei. Na Rosa mwenyewe, baada ya kusikia lugha hiyo tangu utoto, anakubaliana nao. Anapoona bei imeshuka anaamini kwamba yeye ndiye ameshuka. Hapo ndipo kifo chake kilipoanzia, miaka kabla ya siku yenyewe.

Ndugu zangu, hili si la Ukerewe ya zamani peke yake. Mahari zinajadiliwa hapa kila mwaka, kwa simu na kwa video, wazee wengine wakiwa Louisville, wengine Columbus, wengine Uvira au Kigoma. Sisemi mahari ni mbaya. Mahari ikitolewa vizuri inaunganisha koo mbili, na inamwambia binti kwamba ukoo mzima umeshuhudia. Lakini inapofika mahali ambapo wazee wanamjadili binti aliyeketi chumba cha pili, wakipunguza kwa sababu ana mtoto, au wakiongeza kwa sababu ana cheti cha uuguzi, basi tumeingia dukani. Na binti anasikia. Kuta za apatimenti ni nyembamba.

Msichana wa pili ni Pecola. Alimwandika Toni Morrison, aliyezaliwa Lorain, Ohio, mwaka 1931, na kupata Tuzo ya Nobeli ya fasihi mwaka 1993. Lorain ni mji wa viwanda kwenye ufuko wa Ziwa Erie, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Columbus. Riwaya yake ya kwanza, The Bluest Eye, ilitoka mwaka 1970, na hadithi yake inatokea hapo hapo Lorain mwanzoni mwa miaka ya 1940. Pecola ni mtoto mweusi anayeamini kwamba yeye ni mbaya wa sura, na kila siku anaomba jambo moja: apewe macho ya buluu. Anadhani akiyapata, watu wataacha kumtesa, na hata wazazi wake wataona haya kugombana mbele ya macho mazuri namna hiyo.

Kuna sehemu moja katika kitabu hicho ambayo kila mama anayefanya kazi katika nyumba za wazee, au anayelea watoto wa watu, angepaswa kuisoma. Mama yake Pecola anafanya kazi kwa familia ya Wazungu. Siku moja Pecola anakwenda kumfuata kazini na kwa bahati mbaya anaiangusha chini sahani ya kitu kitamu kilichotoka tu kuokwa. Kinamwagika sakafuni, na yeye mwenyewe anaungua. Mama yake anampiga, anamfukuza, kisha anageuka kumbembeleza yule mtoto wa tajiri aliyeanza kulia. Mtoto yule anamwita mama huyo Polly, kama rafiki. Pecola, aliyemzaa, anamwita Mrs. Breedlove, kama mtu wa nje anavyomwita bibi wa heshima.

Kwa nini mama anafanya hivyo? Morrison hamfanyi kuwa shetani. Anatuonyesha mwanamke mwenye mguu usiokaa sawa, aliyeng'oka jino, aliyejilinganisha na wanawake wa sinema mpaka akajichukia. Katika jiko la tajiri anasifiwa, sufuria zinang'aa, ana mamlaka. Nyumbani kwake anaona umaskini, na katika uso wa binti yake anaona uso wake mwenyewe, ule asioupenda. Kwa hiyo upole wake wote anauacha kazini.

Hii ndiyo kazi ya pili ya kujiona duni: inamfanya mtu ashindwe kuwapenda wanaofanana naye. Anayejichukia huanza kuwachukia walio karibu kabisa, kwa sababu wao ni kioo. Wageni anawaheshimu. Mwenye ngozi nyeupe, mwenye lafudhi ya hapa, mwenye ofisi, huyo anasemeshwa kwa sauti laini. Wa nyumbani wanapata makombo. Sisi wenye kazi za kuhudumia tunajua hatari hii vizuri. Mwili una nguvu zake na zina mwisho. Saa kumi na mbili za zamu tunasema samahani, asante, unaendeleaje mpendwa, tunageuza wagonjwa kwa mikono ya pole. Tukifika nyumbani mtoto anauliza swali moja la hesabu, na tunamjibu kama mwizi aliyeingia kwa dirisha.

Nimesema habari za akina mama. Akina baba msijifiche. Zakaria na Cholly, baba yake Pecola, ni walevi wote wawili, na kila mmoja anamletea binti yake maangamizi. Ya Cholly ni uovu ambao baba hapaswi hata kuufikiria. Vitabu hivi havitaki tuwaonee huruma mpaka tusahau waliyoyafanya. Lakini Morrison anaturudisha nyuma tumwone Cholly alipokuwa kijana: mama yake alimtupa akiwa mchanga, na siku moja wanaume weupe wenye bunduki walimkuta porini na msichana wakamfedhehesha. Hakuweza kuwachukia wale wenye bunduki. Chuki yote akaielekeza kwa yule msichana aliyeiona aibu yake.

Hapo ndipo ilipo kazi ya tatu ya kujiona duni, na ndiyo mbaya kuliko zote. Mtu aliyenyang'anywa heshima mahali asipoweza kudai, huenda kuidai mahali anapoweza. Wapo kati yetu wanaume waliokuwa walimu, wachungaji wa mifugo mingi, wafanyabiashara waliokuwa wakisimamiwa wakipita. Wengine walikaa Nyarugusu miaka kumi, ishirini, wakipanga foleni ya mgao wakiwa na kadi mkononi, wakihesabiwa na vijana wadogo kuliko watoto wao. Leo wanapanga maboksi ghalani usiku, na msimamizi wa miaka ishirini na mbili anawaita kwa majina wasiyojua kuyatamka. Mtoto wa darasa la saba ndiye anayewasomea barua za shule, na wakati mwingine anawatafsiria mbele ya daktari. Mwanaume huyo akirudi nyumbani akakuta chakula kimepoa, ugomvi unaozuka si wa chakula. Anadai deni ambalo mkewe hakulikopa.

Kuelewa hivyo si kuruhusu. Mke hakulikopa deni hilo, basi asililipe. Naandika sentensi hiyo waziwazi kwa sababu najua jinsi ushauri wa uvumilivu unavyotolewa kwenye makochi yetu.

Sasa kuna pingamizi, na ni la haki. Mzee mmoja anaweza kuniuliza: je, huu si wimbo wa Marekani, kila mtu ajipende, kila mtoto aambiwe ni wa ajabu, mpaka heshima imekufa nyumbani? Maandiko hayatuonyi juu ya kiburi?

Yanatuonya, na mzee ana sababu ya kuogopa. Lakini tutenganishe mambo. Ndugu zetu wa Louisville wanaishi katika mji alikozaliwa Muhammad Ali mwaka 1942. Jumba la kumbukumbu yake liko katikati ya mji, karibu na mto Ohio, na sisi tunaotoka Kongo tuna sababu yetu ya kumkumbuka, ile usiku wa Kinshasa mwezi Oktoba 1974. Ali alijisifu kuliko mtu yeyote wa wakati wake. Je, kilikuwa kiburi? Kwa sehemu, labda. Lakini tukumbuke alitoka wapi. Mwaka 1960 alirudi kutoka Roma na medali ya dhahabu ya Olimpiki, akarudi katika mji ambao bado ulikuwa na mahali pa kula pasipomhudumia mtu mweusi. Mtu anayeambiwa kila kona kwamba hayupo, ana sababu ya kupaza sauti kwamba yupo.

Hata hivyo siwaambii watoto wetu wajisifu kama Ali. Kiburi kinahitaji mtu wa kumwekea mguu. Kujidharau nako kunahitaji mtu wa kumtazama kutoka chini. Vyote viwili vimepanda ngazi moja, kimoja kiko juu na kingine kiko chini, na vyote vinashinda vikihesabu vipandio. Mnyenyekevu wa kweli ameshuka kwenye ngazi hiyo. Ana muda wa kumwangalia mwenzake kwa sababu hashughuliki na cheo chake. Mtu anayejidharau hana muda huo. Ukimwambia umeumwa, atajiuliza kama umekasirika naye. Ukinyamaza, ataona umemchukia. Ukimsifu, atadhani unamdhihaki. Kwa nje anaonekana mpole sana, lakini ndani mawazo yake yote yanamhusu yeye. Huo si unyenyekevu.

Mnakumbuka wale wapelelezi waliotumwa na Musa kuikagua nchi, habari iliyo katika kitabu cha Hesabu sura ya 13. Walirudi wakisema wameona watu warefu mno, wao wakajiona kama panzi, na watu wale nao wakawaona hivyo hivyo. Sehemu ya kwanza wangeweza kuijua, kwa kuwa ni habari ya mioyo yao wenyewe. Ya pili waliijuaje? Hakuna aliyekwenda kuwauliza wale warefu. Aliyejiona panzi huamini kwamba dunia nzima imekubaliana naye. Na kizazi kile hakikuingia katika nchi ile. Na ile amri ya kumpenda jirani imetumia nafsi ya mtu kuwa kipimo. Kipimo kikiwa kimevunjika, jirani naye atapimiwa pungufu.

Linabaki swali gumu zaidi, la lawama. Kezilahabi anakimaliza kitabu chake kwa kuwaweka Rosa na Zakaria mbele ya Mungu, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Binti anasema baba alimharibu kwa malezi yake. Baba anasema binti alichagua mwenyewe. Katika vikundi vyetu vya nyumbani nadhani nusu wangemtetea mmoja na nusu mwingine.

Mimi nalijibu kama muuguzi. Mgonjwa akifika na jeraha, kuna maswali mawili, na huwa hatuyachanganyi. La kwanza ni nani aliyemjeruhi. La pili ni nani atakayelifunga jeraha. Jibu la kwanza linaweza kuwa Zakaria, au vita, au kambi, au mume. Lakini Zakaria hata akihukumiwa, damu haitakatika kwa hukumu hiyo. Jeraha lazima lisafishwe, na mwenye jeraha ana sehemu yake: anyooshe mkono, akubali dawa inayochoma, arudi siku aliyoambiwa. Rosa hana hatia ya kupigwa. Ana wajibu, kama sisi sote, wa kutokumpa aliyempiga neno la mwisho juu ya yeye ni nani.

Ila kuna majeraha ya mgongoni. Mtu hawezi kuufikia mgongo wake mwenyewe, hata awe na dawa mkononi. Utu wa Rosa ulijeruhiwa mahali asipofikia, na katika kitabu kizima watu wanaomzunguka wanalitazama tu jeraha na kulisimulia. Pecola vivyo hivyo: mji mzima unajua hali yake, na wengi wanajisikia wazuri kidogo kwa kuwa yeye ni mbaya. Mwishoni akili yake inapotea, na anaamini amepewa macho ya buluu. Kwa hiyo kumwambia aliyejeruhiwa ajithamini, kisha tukaenda zetu, ni kumwambia ajipake dawa mgongoni. Hadhi ya mtu haitoki kwa watu, lakini kuiamini hadhi hiyo mtu hufundishwa na watu: nyuso zinazofurahi akiingia, masikio yanayomngoja amalize sentensi.

Basi tufanye nini? Nitataja machache tunayoweza kuanza nayo juma hili.

Mkalimani. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Mwombe. Mtoto asimtafsirie baba yake habari za kibofu au mama yake habari za mimba. Tukimpa mtoto kazi hiyo, baba anapungua machoni pake mwenyewe, na mtoto anabeba mzigo usio wa umri wake.

Dakika za mwanzo. Ukitoka kazini, kabla hujauliza nani hajaosha vyombo, salimia kila mtoto kwa jina, na umtazame. Upole tuliomwachia bosi, tuurudishe nyumbani hata kama ni kidogo. Kwa wale wanaosema kusifu mtoto kutamharibu: msifuni kwa jambo la kweli alilolifanya, na mrekebisheni kwa jambo la kweli alilolikosea. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Vikao vya uchumba. Wazee tukikutana juu ya mahari, binti awepo, asemeshwe, na aulizwe lile swali la kwanza ambalo Rosa hakuulizwa: huyu anakufaa? Na jibu lake lihesabiwe, hata kama watu wa Uvira wameshanunua vinywaji.

Usalama. Kama unapigwa au unatishwa nyumbani, kuna simu ya nchi nzima inayopokelewa usiku na mchana, 1-800-799-7233, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Kama wewe au mtu wako amefika alipofika Rosa, anasema afadhali asingekuwepo, usimwambie akaze moyo tu. Kaa naye, na piga 988. Hatari ikiwa ya papo hapo, piga 911. Kumwuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi kunampa nafasi ya kupumua.

Mkitaka kuvisoma vitabu hivi, ulizeni katika maktaba za umma za miji yetu mitatu. Rosa Mistika imetoka pia kwa Kiingereza mwaka 2025, kwa tafsiri ya Jay Boss Rubin, kwa hiyo vijana wetu ambao Kiswahili chao ni cha mezani wanaweza kumjua Rosa. The Bluest Eye ina mambo mazito, hivyo wazazi wasome kwanza, kisha wasome na vijana wakubwa, na wazungumze.

Nalirudia swali la juu ili mkalijadili nyumbani. Mtu anayejiona si kitu anaweza kupenda, ndiyo. Rosa alipenda. Mama yake Pecola naye alikuwa na mapenzi tele, ila aliyaweka katika jiko la mtu mwingine. Kinachokosekana ni uhuru: kukataa bila kuogopa, kupokea bila kujiona mdaiwa, kumpenda anayefanana nawe. Katika vikundi vya juma hili, kila mmoja ajaribu kujibu maswali mawili. Ni nani alikufundisha bei yako? Na ni nani nyumbani kwako anaendelea kujifunza bei yake kutoka kwenye uso wako?

Tunawaombea juma jema. Wanaofanya kazi usiku, endesheni taratibu, barabara zina barafu.